Brashi ya Kuazima

Wasomaji wenzangu, mara nyingi katika kurasa kama hizi twasoma habari za mbegu bora, za ng'ombe wa maziwa na za kuweka akiba. Leo naomba nafasi nieleze habari ya kitu kidogo ambacho hakimshughulishi mtu mpaka kiharibike, nacho ni brashi ya kupakia rangi. Huenda mtu akacheka na kusema, "Karani huyu amekosa neno la kuandika." Mimi nami zamani ningalicheka. Lakini brashi moja ilinifundisha jambo ambalo shule haikunifundisha, na ada ya mafunzo hayo ilitoka katika mfuko wa mtu mwingine.

Mwanzoni mwa mwaka 1979 nilikuwa karani kijana katika chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa pareto, upande wa Molo. Nilivaa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, nikajiona mtu mkubwa, kwa kuwa wazee waliokuja kuulizia malipo yao waliniita Bwana Karani. Kijijini kwetu palikuwa na fundi wa rangi, mzee mmoja mwenyeji wa Taita. Alijifunza kazi yake Mombasa alipokuwa kijana, kisha akaja bara akifuata kazi za ujenzi, akaoa na kukaa. Hakujua kusoma wala kuandika, na hesabu zake alizitia kwa mistari ya mkaa katika ukuta wa banda lake. Nilimheshimu kwa mdomo, kama ilivyo desturi, na kila asubuhi nilimwamkia. Lakini moyoni niliidharau kazi yake. Nilisema: kuchovya na kupaka, ni nani asiyeweza?

Mwezi huo dada yangu alikuwa ameposwa, na watu wa upande wa pili walikuwa waje kwetu siku ya Jumapili. Mama alitaka milango na madirisha yapakwe rangi, wageni wasije wakaona mbao zilizopauka. Nikanunua kopo la rangi ya mafuta, ya kijani. Fedha zikaishia katika kopo, na brashi sikununua. Ijumaa jioni nikaenda kwa Mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bwana Karani. Karibu."

Nikamweleza haja yangu. Akaingia bandani akatoka na kitu kilichofungwa kwa gazeti na uzi wa katani. Alipofungua niliona brashi pana ambayo mpini wake umeng'aa kwa mikono, na nywele zake zimenyooka zote pamoja. Akaipitisha katika kiganja changu. Ilikuwa laini kama mkia wa ndama.

"Huu ni mwaka wake wa saba," akasema. "Nitakupa, lakini sikia. Jumatatu naanza kazi katika duka jipya pale sokoni, milango na madirisha. Nirudishie Jumapili, na uioshe rangi ingali mbichi."

"Bila shaka, Mzee," nikajibu. Neno hilo ni jepesi katika kinywa cha karani.

Jumamosi nilipaka tangu asubuhi hata jua likaegemea. Nikarudi nyuma kutazama kazi yangu, nikafurahi. Mama akaniita kula, nami nikaiweka brashi juu ya kizingiti cha dirisha, nikisema moyoni kwamba baridi ya Molo haiwezi kukausha rangi upesi. Baada ya kula nikapumzika. Baada ya kupumzika nikatumwa kuazima viti. Jumapili ilikuwa siku ya wageni, na jua lilikuwa kali. Nilipoikumbuka brashi ile ilikuwa Jumatatu alfajiri, na nywele zake zilikuwa zimeshikana kama ubao.

Hapo nikaongeza kosa juu ya kosa. Niliichovya katika maji yanayochemka, na gundi ndani ya pete ya bati ikalegea. Niliigonga kwa jiwe, nywele zikakatika. Nikachukua wembe nikazipunguza ncha, na ikawa kama kichwa cha mtu aliyenyolewa gizani. Mwisho, na hili ndilo linaloniaibisha zaidi, sikuwa na ujasiri wa kwenda mwenyewe. Niliifunga katika lile gazeti lake, kwa uzi wake uleule, nikampa mtoto ampelekee, kisha nikaenda ofisini.

Mzee aliifungua dukani, mbele ya mwenye duka. Kwa kuwa siku ilikuwa imeshaanza, alinunua brashi hafifu iliyopatikana pale sokoni, nayo ikaacha nywele zake katika rangi ya mlango wa kwanza. Mwenye duka akatazama, akasema mzee huyu hana vyombo, akamwachia kuta za nyuma tu. Milango na madirisha, ambayo ndiyo yenye malipo mazuri, akampa fundi mwingine. Malipo yale Mzee alikuwa ameyatia katika hesabu ya karo ya kijana wake, aliyepata nafasi katika shule ya sekondari. Wenzake waliripoti, naye akabaki nyumbani majuma mawili, mpaka baba yake alipopata kazi nyingine.

Mama alipopata habari hizo hakunigombeza. Alisimama mlangoni, akaugusa ule mlango wa kijani, akasema, "Kumbe nyumba yangu umeipaka kwa karo ya mtoto wa mwenzio." Maneno yale yalinichoma kuliko fimbo.

Mwisho wa mwezi nikachukua fedha katika mshahara wangu nikamwendea Mzee, safari hii kwa miguu yangu. Nilimwomba radhi, nikamwekea fedha mezani. Alichukua kiasi cha bei ya brashi, akanirudishia zilizobaki.

"Fedha hizi zitanunua brashi," akasema. "Hazitanunua yale majuma mawili. Kama wataka kulipa, njoo Jumamosi tatu, jioni, ninapomaliza kazi. Utaosha vyombo vyangu."

Bwana Karani kuosha brashi! Nilitamani kukataa, lakini nilikumbuka yule kijana, nikaenda. Nitawaeleza niliyofundishwa, kwa maana yamkini mkulima au karani mwenzangu ana brashi nyumbani iliyolala katika kopo tangu sikukuu ya mwaka jana.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya rangi ya maji, ile ipakwayo kuta za ndani. Mzee alinikataza kukimbilia maji. Kwanza nilikwangua rangi yote iliyobaki katika brashi, nikairudisha koponi kwa kuipitisha brashi kwenye ukingo, kisha nikapaka gazeti kuukuu mpaka brashi ikawa haina kitu cha kutoa. "Rangi unayoiosha ni fedha unayoimwaga," alisema. Baada ya hapo nikatumia maji ya baridi au ya vuguvugu na sabuni ya kipande. Maji yanayochemka hayafai, maana hulegeza gundi inayoshika nywele. Vidole vinatakiwa kuingia mpaka karibu na ile pete ya bati, kwa sababu huko ndiko rangi inakojificha. Brashi huanza kufa huko ndani, na mwenyewe hutazama ncha akadhani imetakata. Nilibadili maji mara nyingi hata yakatoka safi.

Rola nayo ina namna yake. Nilikwangua manyoya yake kwa mgongo wa kisu, nikaichomoa katika chuma chake, nikaiosha na kuikamua, kisha nikaisimamisha wima ikauke. Ukiilaza ingali na maji, manyoya ya upande mmoja hulala, na siku nyingine itapaka ukuta kwa mabaka.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya rangi ya mafuta, rangi iliyoniumbua. Hapa Mzee aliweka makopo matatu ya mafuta ya taa. Mafundi wengine hutumia tapentaini au thina, lakini yeye alipenda mafuta ya taa kwa sababu ya bei. Baada ya kukwangua, brashi huoshwa katika kopo la kwanza na kukamuliwa, kisha la pili, kisha la tatu. Kopo la kwanza huchafuka sana, la tatu hubaki karibu safi. Mwisho kabisa huoshwa kwa sabuni na maji, kwa kuwa mafuta ya taa huacha utelezi ambao utaharibu rangi ya kesho.

Nikauliza kama mafuta yale machafu tuyamwage. Mzee akatikisa kichwa. Alifunika makopo akayaweka kando siku kadhaa. Rangi ikazama chini kama tope, na mafuta yaliyo juu akayamimina polepole katika chupa ili yatumike tena. Lile tope alilichanganya na mchanga likauke, akalitupa mbali na kisima na mbali na mto. Wenzangu wafugaji walikumbuke hili, maana ng'ombe hajui tofauti ya maji ya kunywa na maji ya fundi wa rangi.

Alinikanya mambo mawili kuhusu moto, nami nayarudia kwa herufi nzito kama ningeweza. La kwanza, usioshe brashi kwa petroli, kwa maana mvuke wake hutambaa chini bila kuonekana na huweza kuwaka kwa cheche iliyo mbali. Hata hayo mafuta ya taa yatumieni nje, penye hewa, mbali na jiko na sigara. La pili ni matambara. Tambara lililoloa mafuta ya kitani, au rangi na vanishi zenye mafuta hayo, likikunjwa na kutupwa pembeni, laweza kuwaka lenyewe bila mtu kuliwasha. Mafuta hayo hayakauki kama maji. Hukauka kwa kushikana na hewa, na katika kushikana huko hutoa joto. Katika rundo la matambara joto halina njia ya kutoka, nalo huzidi mpaka moto. Basi tandaza kila tambara peke yake nje likauke, au litie katika kopo la maji lenye kifuniko.

Nilipoyasikia hayo ndipo nilipofahamu kosa langu. Nilikuwa nimedhani rangi iliyokauka ni rangi iliyopungukiwa na maji tu, na kwamba nikiirudishia umajimaji itakuwa kama kwanza. Mzee akaniambia, "Yai likichemshwa, hata ukilitia katika maji mwaka mzima, halirudi kuwa bichi. Na rangi ya mafuta ndivyo ilivyo." Rangi ya maji nayo si tofauti sana. Maji yanapoondoka, chembechembe zake huungana zikawa utando mmoja, na maji hayawezi tena kuutenganisha. Zipo dawa kali za kulainisha rangi ngumu, lakini hula mikono, na brashi iliyookolewa hivyo mara nyingi hubaki kilema. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Sikujua kwamba methali ile yamhusu fundi wa rangi kama imhusuvyo mfinyanzi.

Jumamosi ya tatu tulifanya kazi ya chokaa. Watu wa Pwani tangu zamani huchoma matumbawe wapate chokaa ya kujengea na kupaka nyumba, na Mzee aliifahamu vema. Alikuwa na brashi yake mbali, ya katani, ambayo alijifungia mwenyewe. Alisema chokaa hula nywele za mnyama kama inavyokula ngozi ya mkono, na kwamba nyuzi za mimea huivumilia zaidi. Kwa hiyo usiitie brashi yako nzuri katika chokaa hata siku moja. Ukimaliza, osha brashi kwa maji mengi, kisha suuza kwa maji yenye siki au ndimu kidogo, kwa sababu ukali wa ndimu huondoa ukali wa chokaa. Na macho yalindwe wakati wote. Tone moja la chokaa jichoni laweza kumpofusha mtu.

Vilevile alinifundisha kutambua brashi. Nyingi zilizo za nywele hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, na ndiyo sababu wako mafundi Waislamu wasiozigusa, wakatumia za nailoni. Nywele hizo zina ncha zilizopasuka, na ncha hizo ndizo zishikazo rangi na kuilaza vizuri. Mimi ndizo nilizozikata kwa wembe! Nywele za mnyama zafaa sana kwa rangi ya mafuta, lakini katika rangi ya maji hunywa maji zikalegea. Hapo nailoni hufaa zaidi.

Kuhusu kuhifadhi, nilifundishwa kukung'uta brashi, kuizungusha mpini katikati ya viganja ili maji yatoke, kuichana kwa kitana kuukuu, kisha kuifunga kwa karatasi ili ikauke katika umbo lake. Hutundikwa kwa tundu la mpini au hulazwa. Haisimamishwi kwa nywele zake kamwe, maana zikipinda hukauka zimepinda. Ukisimama kidogo kwa chakula, ifunge katika mfuko wa plastiki hewa isiingie. Na kama kazi ya rangi ya mafuta yaendelea kesho, pitisha waya katika tundu la mpini na uitundike ndani ya kopo la mafuta ya taa, nywele zisifike chini.

Hapa naongeza neno ambalo Mzee hakulijua, nami nililijua miaka mingi baadaye. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto hata likiwa kidogo. Basi ukikwangua mlango wa zamani kwa skrepa au kwa msasa, loweza kwanza kwa maji, funika pua na mdomo, watoto wawe mbali, na vyombo vyako usivioshe mahali paoshwapo vyombo vya chakula.

Jioni ile ya mwisho Mzee alinishika mkono akanipeleka kwenye ukuta wa banda. Akanionyesha mstari mrefu wa alama za mkaa, akaniambia nihesabu. Nikahesabu alama 43. "Hizi ni nyumba," akasema. "Kila nyumba iliyopakwa kwa brashi ile ina mstari wake." Baada ya alama ya mwisho ukuta ulikuwa mtupu.

Nilisimama pale nikisoma daftari la mtu asiyejua kusoma. Mimi niliyetia hesabu za pareto ya wakulima kila juma sikupata kuona hesabu iliyo wazi namna ile. Nyumba 43 kwa brashi moja, wakati mimi niliimaliza kwa nyumba moja. Na nikaona kwamba kazi ile ya kuosha, ambayo kwa brashi moja haichukui hata nusu saa, ndiyo iliyomlisha Mzee kwa miaka saba, kuliko hata kupaka kwenyewe.

Tangu hapo sikusema tena kwamba kazi imekwisha wakati ukuta umeenea rangi. Kazi huisha brashi inapotundikwa. Na nimeona kwamba jambo hili halikomi katika rangi. Jembe lililoachwa na udongo wake usiku hushika kutu. Bomba la kunyunyizia dawa lisilosuuzwa huziba, na msimu ujao mkulima husema bomba ni baya. Kwa kawaida hatuviharibu vyombo wakati wa kazi. Tunaviharibu katika saa ile moja baada ya kazi, tunapokuwa tumechoka na tumefurahi, na chakula kinatuita.

Mzee amekwisha fariki, Mungu amrehemu. Yule kijana wake alimaliza shule, nasi tuliendelea kuamkiana vema, ingawa mimi kila nilipomwona niliyakumbuka majuma mawili.

Mimi sasa ni mzee wa kustaafu, nami nina brashi mbili nzuri. Mwezi uliopita jirani yangu kijana, mwenye kazi nzuri mjini, alikuja kuniazima mojawapo apake lango lake. Sikumhubiria. Nilimpa brashi, nikampa na chupa ya mafuta ya taa, kipande cha sabuni, na gazeti la kuifungia. Alivitazama vitu vile akacheka kidogo, kama nilivyocheka mimi, akasema, "Bila shaka, Mzee."

Kesho yake jioni alirudi. Nikafungua gazeti, nikapitisha nywele za brashi katika kiganja changu polepole, kisha nikatia kidole mpaka karibu na pete ya bati. Palikuwa laini. Nikamwambia, "Karibu chai, mwanangu. Siku nyingine ukihitaji, njoo uichukue."